Penseli Pembezoni mwa Jina

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Imekuja bila ngurumo, ikapiga bati kwa nusu saa, ikaondoka. Daktari ameniambia, huku akiitazama miguu yangu iliyovimba badala ya uso wangu, kwamba moyo umechoka na maji yanapanda mapafuni. Nikamwuliza kama mvua hizi nitazimaliza. "Mzee wangu," akasema, "tumwachie Mungu."

Nimefundisha Kiebrania miaka thelathini na minane, na kila nikisikia "tumwachie Mungu" hutamani kuuliza: kwa jina lipi? Majina yake katika Maandiko si mapambo. Kila jina lina mtu aliyelitamka, mahali aliposimama akilitamka, na jambo lililokuwa limemkuta.

Jioni amekuja Kidole. Alikuwa mwanafunzi wangu. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kusoma mstari bila kuufuata kwa kidole. Leo ni mhariri wa toleo jipya la tafsiri yetu ya Agano la Kale. Katika jopo la kwanza la watafsiri, nimebaki mimi tu. Ameniletea dibaji niipitie, maana kitabu kinaingia mashineni tarehe 15 Mei.

"Hatuna haraka, Mwalimu," amesema. "Nataka neno lako moja tu: sawa."

Nimesoma hadi ukurasa wa nne. Pale imeandikwa kwamba kazi ilichelewa mwaka mzima "kwa uzembe wa mpiga taipu aliyeacha mapengo ya Jina bila alama", na kwamba "juhudi za Mwalimu wetu ndizo zilizoiokoa". Nimeirudisha dibaji kwenye bahasha. Sikusema sawa.

Nimemwomba binti yangu daftari jipya. Amedhani nataka kuandika wosia.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Vidonge viwili asubuhi, safari tano za chooni. Binti yangu anasema baba yake sasa ni mfereji wa manispaa.

Jumapili, 10 Machi

Nieleze kwanza kazi ilivyofanyika, maana bila hilo kosa langu halieleweki.

Tulikuwa wanaume watano kwenye meza ndefu, chumba cha nyuma cha kanisa, na mwanamke mmoja dirishani akipiga taipu. Tuligombana kuhusu Jina: zile herufi nne ambazo Wayahudi waliacha kuzitamka kwa heshima, wakifika hapo husoma Adonai, yaani Bwana wangu. Zimo karibu mara elfu saba. Mmoja wetu alitaka tuandike Bwana. Mwingine alitaka herufi zenyewe zibaki kama zilivyo. Wa tatu alitaka jina walilomwitia Mungu bibi zetu kabla ya vitabu kuja. Mwenyekiti alipochoka kutusikiliza akaweka sheria: mpaka siku ya kura, jina la Mungu lolote lisichapwe. Liachwe pengo. Si zile herufi nne tu. Na Elohimu, jina la kawaida la Mungu, na Shadai, na Elioni, yote.

Kwa hiyo miaka mitatu tulitafsiri kitabu cha Mungu ambacho Mungu hatajwi. Tulitaniana kwamba tumewaandalia wasioamini Biblia yao.

Mpiga taipu aliona hatari ambayo sisi wasomi hatukuiona: siku ya kujaza, nani atakumbuka pengo lipi lilikuwa la jina lipi? Bila kuagizwa na mtu akaanza kuweka alama ndogo za penseli pembezoni. Kistari kwa herufi nne, duara kwa Elohimu, pembetatu kwa Shadai, na kuendelea. Kiebrania alikipata kwa kutusikiliza tukibishana, na kwa kitabu kikuukuu cha sarufi nilichomwazima mimi.

Jumanne, 12 Machi

Kidole amepiga simu. "Vipi, Mwalimu, sawa?" Nimemwambia macho yananiuma. Macho ndiyo kiungo pekee kisichoniuma.

Jumamosi, 16 Machi

Leo pumzi ipo. Naandika yote.

Kura ilipopigwa, Bwana ikashinda kwa zile herufi nne. Mwenyekiti akanikabidhi nakala kuu nijaze mapengo kwa wino ndani ya wiki moja, akasisitiza iwe safi, kwani mchapaji hapendi makaratasi machafu. Nikaona zile alama za penseli. Ningependa kuandika kwamba nilidhani ni uchafu. Sivyo. Nilijua mkono ulioziweka. Nilidhani ni hesabu zake za mistari, na sikumwuliza, kwa sababu sikuona mwalimu wa Kiebrania atamwulizaje mpiga taipu. Nilichukua kifutio mezani kwake, yeye akiwa ametoka kula, nikaanza kufuta. Nilifuta siku mbili. Vipande vya kifutio vilijaa mapajani mwangu kama makombo ya mkate.

Kisha nikajaza. Mungu pale nilipokumbuka, Bwana kwingine kote. Kufikia siku ya tatu mkono ulikuwa unatangulia jicho. Matini ya Kiebrania ilikuwa kwenye rafu nyuma yangu. Sikuifungua, nilijiona naijua kwa moyo. Shadai akawa Bwana. Elioni, Aliye Juu, ambaye kwa jina lake Melkizedeki alimbariki Abramu, akawa Bwana. Na kule jangwani, Hajiri yule mjakazi, mjamzito, aliyekimbia mateso ya bibi yake, anasimama kwenye chemchemi na kumwita Mungu aliyesema naye El Roi, Mungu anionaye. Hapo pia nikaandika Bwana. Hajiri hakuwa na mali, hema wala mume wa kumtetea. Alikuwa na jina moja alilolitunga mwenyewe, na mimi nikalifuta.

Mkaguzi wa wachapaji alikuta makosa zaidi ya elfu mbili. Kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa herufi za risasi. Mwaka mzima ukapotea. Kikao kikaitwa, na mpiga taipu akaambiwa asimame aeleze kwa nini aliacha mapengo bila alama.

Hakuogopa. Alisema, "Alama niliziweka zote. Mwulizeni Mwalimu, yeye ndiye aliyeshika nakala." Akanigeukia, akatabasamu, kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani.

Mfukoni mwa shati nilikuwa na barua iliyofika wiki ileile: nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma. Mwenyekiti akauliza, "Ni kweli, Mwalimu?"

Nikasema, "Sikuona alama yoyote."

Aliachishwa kazi siku hiyo. Jumapili iliyofuata baraza la kanisa likamtenga kwa kuharibu Neno la Mungu. Tangazo lilisomwa mama yake akiwa ameketi benchi la mbele.

Hayajaisha. Niliambiwa nisafishe meza yake. Kwenye droo nikakuta daftari: kila pengo, sura kwa sura, jina lililostahili, na maelezo. Kuhusu Shadai ameandika: "Wengine wanasema ni wa mlimani, wengine kifua cha mama anyonyeshaye, wengine Mwenye kutosha. Tuandike Mwenyezi, lakini tujue kwamba hatujui." Kuhusu Bwana wa majeshi: "Lisisomwe kama tishio kwa adui peke yake. Jeshi ni nyota pia. Aliyemwita hivyo kwa machozi ni Hana, mwanamke aliyekosa mtoto." Kuhusu jibu alilopewa Musa kwenye kichaka: "Aliuliza jina, akapewa ahadi: Nitakuwa pale nitakapokuwa. Hakupewa kitu cha kushika mkononi." Na kuhusu Hajiri: "Wengine huambiwa jina la Mungu. Huyu ndiye anayempa."

Kwa daftari hilo nilisahihisha nakala miezi minne, nikapongezwa. Kijitabu changu cha majina ya Mungu, kilichochapwa mara tisa na kunipa jina la Mwalimu kila ninapopita, ni daftari hilo. Nilichofanya mimi ni kuchana ukurasa wa kwanza, uliokuwa na jina lake.

Jumapili, 17 Machi

Mikono imegoma. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia binti yangu. Ni fundi cherehani, mashine yake iko sebuleni, na anapokasirika huongeza mwendo wa kanyagio.

"Uliiba nini, baba? Maneno?"

"Niliiba kazi ya mtu, nikamwachia aibu yangu."

Mashine ikakimbia. "Mwaka gani huo? Mimi nilikuwa nimezaliwa?"

"Ulikuwa na miaka miwili."

"Basi niache na miaka yangu miwili. Maji yakimwagika hayazoleki, baba. Watu wakija msibani niwaambie nini? Mkila wali wa marehemu, kumbukeni alikuwa mwongo?"

"Waambie hivyo."

"Wewe utakuwa umelala kimya. Atakayebaki kuitwa binti wa mwongo ni mimi."

Nimekuwa nikimhesabu kama mtu wa sindano na uzi, asiyeweza kuelewa mambo haya. Ameyaelewa haraka kuliko mimi.

Jumamosi, 23 Machi

Kidole amekuja. Nimempa barua ya kurasa mbili, mwandiko wangu ukitetemeka kama mdudu aliyechovywa wino. Ameisoma kwa kidole chake mpaka mwisho, kisha akairudia.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "dawa hizi huvuruga kumbukumbu. Baba yangu mwishoni alikuwa anatuambia aliwahi kurusha ndege. Hata baiskeli alikuwa hajui."

"Mimi sirushi ndege. Nasema nilifuta alama."

"Sawa, Mwalimu. Nitaiwasilisha kwenye bodi."

Ameniinamia kama zamani na kuondoka na barua. Nimejisikia mwepesi. Nimekula sahani nzima.

Jumanne, 2 Aprili

Simu kwa Kidole. "Bodi wanaijadili."

Jumanne, 9 Aprili

"Bodi bado wanaijadili." Mvua siku ya kumi na moja. Ukuta wa upande wa kitanda umeota ukungu wa kijani. Nalala nimeegemea mito mitatu. Nikilala chali nazama.

Jumapili, 14 Aprili

Ijumaa nilimwomba binti yangu aende ofisini kwa wachapaji kuuliza. Alinung'unika, akaenda. Alirudi amelowa chapachapa, akavua viatu mlangoni, akakaa kitandani kwangu badala ya kwenda kwenye mashine.

"Katibu wa bodi hajawahi kuiona barua yako," alisema. "Hajawahi hata kuisikia. Nikamfuata Kidole chumbani kwake. Iko kwenye droo yake, baba, chini ya pakiti za majani ya chai."

Nikauvuta mto wa tatu mgongoni.

"Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani ni maradhi. Nilidhani unaweweseka. Kumbe una akili zako, na mtu mwenye afya njema ndiye aliyekufungia mdomo." Akakamua kanga yake sakafuni, maji yakatiririka hadi chini ya kabati. "Huyo mama yuko wapi?"

"Sijui."

"Miaka arobaini na mbili na hujui?"

"Sikutaka kujua."

Amenitazama kwa muda mrefu. Tangu mama yake afariki sikuwahi kutazamwa hivyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Kidole ameitika wito. Hakukana.

"Watu wanafunga ndoa kwa kitabu hiki, Mwalimu. Wanazika kwa kitabu hiki. Nikiandika kwamba mtafsiri mkuu alidanganya, kesho watauliza: alidanganya wapi kwingine? Utatikisa nguzo."

"Nguzo ni mimi?"

"Kwa wengi, ndiyo."

"Basi nyumba ilijengwa vibaya."

Nimemwonyesha daftari, ambalo limekaa miaka yote chini ya nguo zangu sandukuni. Amelipekua. Akasema mwandiko unaweza kuwa wa mtu yeyote, na kwamba bodi haiwezi kubadilisha historia kwa neno la mgonjwa. "Niletee huyo mpiga taipu mwenyewe. Akija na kuthibitisha, sitakuwa na la kusema."

Alijua naweza nisiwe na siku za kumtafuta. Zimebaki wiki nne hasa. Lakini alipokuwa anafunga vifungo vya koti nimeona jambo: huyu si mtu mbaya. Anafanya nilichomfundisha, nakala iwe safi, na uchafu ufutwe kabla mchapaji hajauona.

Jumatatu, 22 Aprili

Binti yangu ametembea makanisa mawili. Hakuna anayemkumbuka mpiga taipu. Mzee mmoja alikumbuka kosa, hakukumbuka mtu.

Alhamisi, 25 Aprili

Amempata! Yuko kwenye baraza ya nje ya mahakama, anawaandikia watu barua na hati za kiapo kwa mashine ya taipu. Miaka arobaini yuko pale, mwendo wa dakika ishirini kutoka kitandani kwangu. Binti yangu amejitambulisha. Mama huyo hakuinua macho kwenye mashine.

"Mwambie baba yako nina foleni," alisema.

Jumatatu, 29 Aprili

Hospitali tangu Ijumaa. Wamenitoboa na kunikamua. Naomba niruhusiwe kurudi, akija asinikose.

Ijumaa, 3 Mei

Amekuja.

Saa nne asubuhi, pikipiki ya kukodi, mwavuli mkubwa wa kiume, na mashine yake ya taipu imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Amekuwa mdogo. Uso sikuutambua, nilitambua alivyopangusa kiti kabla ya kukaa.

"Kumbe hujafa," akasema.

"Bado kidogo."

"Mimi nilikwisha kukulilia. Gazeti liliandika mwalimu mmoja wa Kiebrania amefariki, nikajua ni wewe. Nikalia, nikala, nikashiba."

Binti yangu aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kanga. "Samahani, mama."

"Cheka, mwanangu. Kicheko hakitozwi ushuru."

Nilikuwa na sentensi niliyoitayarisha kwa miaka. Nikaanza: "Dada yangu, kulitokea kosa—"

"Ngoja." Akafungua mfuko, akaweka mashine juu ya meza yangu ya dawa, vidonge vikasogezwa pembeni, akapachika karatasi. "Mimi sisikilizi bure, naandika. Na wateja wangu wote huanza hivyohivyo. Kulitokea kosa. Utadhani kosa ni mvua. Jina kamili?"

Nikataja.

"Umri?"

"Themanini na nne."

"Eleza."

"Alama za penseli zilifutwa..."

Mashine ikanyamaza. "Zilifutwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi sema hivyo."

"Mimi nilizifuta." Vidole vyake vikaenda, na kila herufi niliisikia ikipiga. Niliendelea. Kila nilipojificha nyuma ya neno, mashine ilisimama. Nikasema nakala "ilijazwa", akangoja. Nikasema daftari "lilipatikana", akangoja. Jasho lilinitoka, na binti yangu akataka kumwomba anionee huruma. Nikamkataza kwa mkono.

"Kikaoni uliulizwa nini?"

"Kama niliona alama."

"Ulijibu nini?"

"Kwamba sikuona."

"Ulikuwa umeona?"

"Nilikuwa nimeona."

Hilo aliliandika, halafu akaweka mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza alizungumza bila kuandika.

"Kati ya wanaume watano nilikuchagua wewe uwe shahidi wangu. Kazi ningepata nyingine. Kilichoniuma ni kwamba nilikuita kwa furaha."

Mvua ilikuwa inapiga dirishani. Akaendelea:

"Mama yangu aliishi miaka sita baada ya pale. Kila asubuhi aliniombea nisamehewe. Nikimwambia, mama, sikuharibu kitu, ananijibu, mwanangu, Mwalimu yule adanganye kwa faida gani? Alikufa akikuamini wewe."

Nilijua nimefukuzisha mtu kazi. Hili la mama sikulijua. Nikasema, "Nisamehe."

"Usiniharakishe. Wewe umechukua miaka arobaini na mbili."

Akaomba daftari. Akalifungua, kidole kikapita kwenye kingo za ukurasa uliochanwa, akafunua mbele hadi kwa Hajiri, akasoma midomo ikicheza.

"Kijitabu chako nilikinunua," akasema. "Maneno ni yangu, ila uliyatia sukari. Uliwaambia watu kwamba jina hili, Anionaye, ni faraja."

"Si faraja?"

"Kwa aliyeonewa. Kwa mwenye kuonea ni habari nyingine."

"Sijawahi kulitamka nikiwa peke yangu," nikamwambia. "Nimelifundisha darasa baada ya darasa. Peke yangu nilikuwa nasema Bwana, naishia hapo."

Alinitazama, na nadhani hapo ndipo aliponiamini. "Mimi nimelitamka kila siku," akasema. "Baraza liliamini lao, mama yangu aliamini lake. Nilihitaji mmoja tu anayejua. Hajiri naye hakuondolewa shida pale chemchemi, unakumbuka? Aliambiwa arudi kulekule kwa bibi yake. Akarudi, lakini akiwa ameonekana."

Akanisomea hati yote tangu juu, kwa sauti ya kiofisi, kama ya mtu mwingine kabisa. Mkono wangu haukuweza sahihi, akanipaka wino kidole gumba. Binti yangu akasaini kama shahidi. Daftari akalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mashine.

"Ni lako," nikasema.

"Sikuomba ruhusa."

Jumatatu, 6 Mei

Binti yangu na mama yule wamekwenda kwa Kidole. Bado hawajarudi na barabara ya chini imejaa maji. Nahesabu pumzi.

Jumanne, 7 Mei

Walirudi salama. Binti yangu amenisimulia kwa furaha isiyofaa mbele ya mgonjwa. Mama yule aliweka hati mezani, akamwita katibu wa bodi, akaomba kalamu, akaandika papo hapo ukurasa mzima wa majina kwa kumbukumbu yake: Elohimu, Shadai, Elioni, wa milele, wa majeshi, Anionaye, na sura zake. Kisha akaliweka daftari pembeni. Mwandiko mmoja. Katibu akachukua karatasi zote na kwenda nazo kwa mwenyekiti wa bodi. Kikao ni tarehe 13.

Alhamisi, 9 Mei

Kidole amekuja na rasimu ya maneno mapya. Mwanzo umekatwa kwa kalamu: "Kwa masikitiko makubwa, tunasahihisha..." Amekiri kwamba mama yule aliyakata hayo palepale ofisini. "Kitabu hakisikitiki," alimwambia. "Andika kilichotokea, na nani alikifanya."

Kiambatisho cha majina ya Mungu mwishoni mwa kitabu, kilichotoka kwenye kijitabu changu, bado kina jina langu, na lake chini yake, "kwa msaada wa". Nimeomba kalamu nyekundu. Nimekata langu.

"Mwalimu, hata kidogo tu libaki," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikupenda. Nilitaka uondoke na heshima yako."

"Ulinipenda, ndiyo maana ukanisaidia kudanganya. Mimi sikuwahi kukufundisha njia nyingine ya kupenda."

Akakaa kitandani akalia kama mtoto. Nimemshika bega. Kwake yeye pia nina kesi.

Jumamosi, 11 Mei

Bado. Pumzi fupi.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani wamesoma hati yangu na kufuta tangazo la kumtenga. Binti yangu alikuwepo. Anasema mtu mmoja alikohoa, kisha wote wakakohoa. Mama mwenyewe hakwenda. Alituma neno: anasali kwingine siku nyingi, na kiti chake huko kimekwisha kuzoea mwili wake.

Jumatatu, 13 Mei

Kikao kilianza saa tatu. Saa saba, hakuna habari. Saa tisa, hakuna. Nimemwambia binti yangu asipige simu. Ameshona mkono wa shati juu ya kola. Saa kumi na moja Kidole amepiga. Wanne kwa watatu. Masahihisho yanachapwa.

Jumatano, 15 Mei

Nasema, binti yangu anaandika. Mkono umekataa kabisa.

Mvua inanyesha bado. Daktari amekuja asubuhi, safari hii ameniangalia usoni.

Mama yule alipita jana akielekea kazini. Hakukaa. Nikamwuliza tena kwa macho, akaelewa, akasema, "Bado nafikiri." Kisha akainyoosha shuka yangu pale ilipojikunja, akafungua mwavuli, akaenda. Sitadai zaidi ya hapo.

Jina lake sikuliandika katika daftari hili. Liko ukurasa wa nne wa dibaji, na juu ya kiambatisho, peke yake. Hapa lingekuwa tena mali yangu.

Kidole amepiga simu kutoka kiwandani, akaiinua juu ili nisikie mashine. Nimesikiliza mpaka sikio likachoka. Kwa miaka arobaini na mbili tulioujua ukweli tulikuwa watatu: mimi, mpiga taipu, na Yule anayeona. Leo wanachapa nakala elfu kumi.